Pika, Nione: Moto Tuliouzima Kabla Haujawaka

Nyie vijana mliobaki kituoni mlinisumbua wiki nzima ya kuniaga. "Mama andika, mama andika." Haya, nimeandika. Ila msitafute vyeo humu. Vyeo viko kwenye faili, faili liko kabatini, na ufunguo wa lile kabati mnajua wenyewe ulivyopotea. Humu nimeweka majiko ya watu. Nimeingia majiko ya Mpanda mjini, ya Karema kwa wavuvi, ya Mamba nilikozaliwa, ya Kabungu na ya Sibwesa, na mpaka leo nikipita mtaani nikasikia mafuta yanachachatika kwenye karai, shingo inageuka yenyewe. Mume wangu anasema nitakufa nimeinamia sufuria ya mtu. Mwacheni aseme, chakula anakula.

Siku ya kwanza kazini nilifika na buti zilizonizidi namba mbili na moyo uliojaa king'ora. Nilitaka gari, nilitaka mpira wa maji, nilitaka watu wasimame barabarani waseme yule pale! Nikakabidhiwa kwa Koplo Mlela, Mfipa mrefu, mkimya, aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Akanitazama kuanzia buti mpaka kofia, akaingia stoo, akatoka na sinia la aluminiamu, lile la kulia wali kwenye sherehe. "Shika," akasema. "Hiyo ndiyo silaha yako." Nikadhani ananitania kwa kuwa mimi mwanamke. Nikalichukua kwa hasira na kulitupa chini ya kiti cha gari.

Haikupita wiki tukaitwa kwa mama ntilie mmoja karibu na stesheni. Saa nne asubuhi, karai la maandazi limeshika moto. Gari halijasimama vizuri mimi nimesharuka, nimeona ndoo ya maji, nimeibeba, nimemwaga. Weee! Jamani, sijui niseme nini. Moto ulipanda mpaka kwenye bati, ukanguruma, na nyusi zangu zote mbili zikaondoka nao. Koplo Mlela akaja anatembea. Narudia, anatembea! Amebeba sinia lile lile, amelikinga mbele yake, akalitelezesha juu ya karai mpaka likafunika, kisha akavuta kuni nje ya mafiga moja moja. Kimya. Moto umekwisha. Mama ntilie akafuta jasho, akanitazama, akamuuliza: "Afande, huyu binti ni wa zimamoto au wa kuwasha?" Kituo kizima kiliniita Washamoto mpaka nilipojifungua mtoto wa pili.

Alinieleza njiani tukirudi. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanazama chini, yanachemka mara moja, yanarusha mafuta juu. Sinia linaunyima moto hewa tu, basi. Na ukishafunika usifunue kuchungulia, uache upoe. Wala usijaribu kubeba karai kulitoa nje, maana hapo unautembeza moto, na moto ukitembezwa unapanda kwenye kanga. Nikaliokota sinia chini ya kiti nikalifuta kwa mkono wa sare.

Lakini kitu alichonifundisha Mlela kuliko vyote hakikuwa sinia. Kila baada ya moto, majivu yakishapoa, alirudi kwa yule mwenye nyumba, mchana, na kigoda chake. Anasalimia, anakaa pembeni ya jiko, anasema maneno mawili: "Pika, nione." Halafu anafunga mdomo. Nilimuuliza kwa nini asiwaulize tu moto ulianzaje. Akasema ukimuuliza mtu atakwambia anavyotakiwa kufanya. Mkono wake ndio unaojua anavyofanya.

Na kweli! Mamba, kwa mama yangu mdogo mwenyewe, aliapa kwamba kuni anaweka mbali na mafiga. Tukamwambia pika. Dakika tano hazijafika, kuni mbichi ameshazipanga zinagusana na moto zikauke, na juu yake mahindi ya mbegu yananing'inia makavu mpaka yanalia. Nyumba nyingine hapo hapo Mamba, baba mwenye nyumba alitoka nje kuniapia kwamba jikoni kwake hakuna hatari, na nyuma ya mlango kulikuwa na dumu la petroli la pikipiki. Nilipomwonyesha akasema, "Aah, hilo ni la leo tu." Lilikuwa na vumbi la kuandikia jina.

Mlela alistaafu, akaniachia kigoda na sinia. Baada ya miaka ikaja gesi, na mimi nikachanganyikiwa kwa furaha. Msicheke. Mama yangu alipika kwenye moshi mpaka macho yakawa mekundu maisha yake yote, na sasa naona mtungi mdogo, jiko limefungwa juu yake, moto wa bluu, hakuna moshi, hakuna kukata miti! Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono niende vijijini kufundisha. Nikachora bango kwa mkono wangu, rangi tatu. Moja, weka sufuria. Mbili, fungua koki. Tatu, washa. Nilibandika bango lile kwenye ofisi za kata, zahanati, makanisa, misikiti, mpaka kwenye mashine za kusaga. Nilikuwa na kipaza sauti na watu wengi uwanjani. Kigoda kilibaki kituoni. Nani ana muda wa kukaa jiko moja moja wakati kuna watu mia wanakupigia makofi?

Kisha jiko la mama mmoja wa Kabungu likalipuka. Ukuta mmoja ulilala nje. Yeye aliungua mikono na uso, akalazwa, akapona, Mungu mkubwa. Nilipokwenda kumhoji aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nilifuata bango lako." Nikamwangalia kwa huruma ya kitaalamu, mnaijua ile. Nikaandika kwenye ripoti: uzembe wa mpikaji. Neno hilo niliandika mimi, kwa kalamu yangu, na ninaliweka hapa mlisome.

Lakini lilininyima usingizi. Mwezi uliofuata nilikuwa na safari ya Sibwesa, nikachukua kigoda. Nikafika kwa Ng'washi, mke wa kijana wa familia ya Kisukuma iliyohamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Mama mwenye kicheko cha karibu, mtoto mgongoni. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, na dirisha dogo alilolisokomeza gunia ili mbuzi wasiingize vichwa. Mtungi mpya uko katikati, unang'aa. Mafiga yako pembeni, yamepoa, yamefagiliwa.

"Ng'washi, pika, nione," nikasema.

Akacheka. "Mayu, unataka ugali au unataka kunipima?" Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chao.

"Vyote viwili, mwanangu."

Akaweka sufuria ya maji. Akainama, akafungua koki. Ssssss. Halafu akachukua kigae cha chungu kilichokuwa ukutani, akatoka nje. Nikajua ameenda kuleta chumvi. Nikakaa kwenye kigoda changu kimya kama nilivyofundishwa, nikitazama ile sufuria. Ssssss. Harufu ikanifika miguuni kwanza, unajua gesi inalala chini, kisha puani. Nikatafuta kiberiti kwa macho. Juu ya kinu, hakuna. Kwenye tundu la ukuta, hakuna. Chumba kizima hakina kiberiti, na kigae kimekwenda wapi?

Mungu wangu! Ikaniingia yote kwa mara moja. Nyumba kama ile kiberiti ni cha nini? Moto ulikuwa unalala kwenye majivu ya mafiga usiku na kuamka asubuhi, miaka nenda rudi. Ukizimika, unachukua kigae unakwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Mimi mwenyewe nimekua hivyo, nimetumwa moto mara ngapi nikiwa mtoto! Tangu gesi iingie, mafiga yamelala baridi. Kwa hiyo Ng'washi kafuata bango neno kwa neno: weka sufuria, fungua koki, washa. Awashe kwa kitu gani? Bango halikusema. Amekwenda kuomba moto kwa Bibi Yustina, bibi wa Kibende ng'ambo ya shamba la mahindi, na anarudi nao humu ndani.

Nilifunga koki, nikang'oa lile gunia dirishani, nikatoka mbio. Naye huyo anatokea kwenye mahindi! Kigae mkononi, kaa jekundu juu yake, analipuliza lisizimike, mtoto amelala mgongoni shingo imening'inia. Aliponiona nje alijua mgeni amechoka kusubiri. Kwao kumchosha mgeni ni aibu. Basi naye akaanza kukimbia!

"Nakuja mayu, nakuja!"

"Simama! Usije! Ng'washi, simama!"

"Nimefika mayu!"

Nilikimbia nyie, na zile buti. Tulikutana hatua kama kumi kutoka mlangoni. Nikakipiga kile kigae kwa kiganja, kaa likaruka, nikalikanyaga mara mbili, mara tatu, nikalisaga mpaka likawa vumbi. Mtoto akaamka akapiga kelele. Ng'washi akapiga magoti palepale akaanza kulia, "Nisamehe mayu, nimekosa nini? Nimekosa nini?" Na mimi, Staff Sajini mzima, nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kuliko yeye na mtoto kwa pamoja. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona aibu. Nikamwambia, "Hujakosa. Umefanya nilivyoandika. Aliyekosa ni mimi."

Tuliacha mlango wazi, tukasubiri nje muda mrefu, hakuna kuwasha chochote, hakuna kugusa simu. Ugali ule tulikula saa tisa.

Kabla ya kitu kingine chochote nilikwenda Kabungu. Yule mama alikuwa anachambua maharage kwa vidole ambavyo ngozi yake bado ni ya rangi mbili. Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza tangu mwanzo: siku ile uliwasha kwa moto gani? Akasema, kwa moto niliouomba kwa shemeji. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na ile ripoti nitaiandika upya. Aliendelea na maharage yake kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilijua sikukosea, mama. Ila wewe ulikuwa na sare." Vijana, hilo kalibandikeni juu ya kitanda.

Nikarudi Sibwesa nikaitisha mkutano wa akina mama, safari hii bila kipaza sauti. Nikakiri mbele yao. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini wahenga hawakuwa na mtungi wa gesi. Nikawaambia kila nyumba iwe na kiberiti, mkono uwe na moto kwanza, koki ifunguliwe baadaye. Wakaniitikia vizuri, kisha wakaanza kucheka. Kiberiti? Masika kinalowa. Watoto wanakiiba. Mume anakitia mfukoni kwa ajili ya sigara zake, na ukimuuliza anakuwa mkali. Tutaomba moto tu, mama, tusidanganyane.

"Basi anayekwenda kuomba afunge koki kwanza," nikasema.

Hapo ndipo Bibi Yustina alipoinuka, na fimbo yake. Akasema, "Anayeomba moto ana haraka. Ana mtoto, ana mgeni, ana njaa. Atasahau. Mimi ninayetoa moto nimekaa. Kazi ya kuuliza nipeni mimi. Mtu akija, nimuulize moto huu unakwenda kwenye mafiga au kwenye gesi? Akisema gesi, nimwambie kafunge, kafungue mlango, na moto nitauleta mwenyewe nikishaona."

Loo, zikazuka kelele! Maana huku kwetu jirani hanyimwi moto. Aliyekunyima moto amekutakia njaa, amekutakia kifo, na kuna ukoo mmoja pale haukuwa ukisalimiana na mwingine kwa sababu ya kaa moja alilonyimwa bibi yao. Mama mmoja akasema kwa uchungu, "Bibi, unataka tulaaniane?" Bibi Yustina akajibu, "Basi nilaaniwe mimi wa kwanza. Nimeshazeeka, laana itanipata wapi?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na ikapita! Nilirudi Mpanda nimejaa furaha mpaka dereva akaniomba ninyamaze. Bango nikalichora upya. Kabungu wakalichukua, Mamba wakalichukua, na kila nilipofika nilianza na kigoda. Ikawa mtu akinyimwa moto anacheka, anarudi nyumbani kuangalia koki.

Sasa niwaambie lililotokea mwaka huu, nikiwa nimeshavua sare. Sijamwambia mume wangu mpaka leo, naye atalisoma humu.

Nilikwenda Sibwesa kuwaaga. Ng'washi alifurahi kupita kiasi, akachukua ndoo kwenda kisimani ili anipikie vizuri, na watoto walikuwa shule. Akaniambia nikae nipumzike. Mimi na kupumzika wapi na wapi? Nikasema akirudi akute chai. Nilikuwa na furaha, naimba wimbo wa kwaya, nachungulia kila kona ya jiko lake na kujisifu moyoni. Dirisha sasa lina wavu, hakuna gunia. Nikaweka sufuria. Nikachukua kiberiti chake cha gesi, kile cha kubofya, nikafungua koki, nikabofya. Kwa, kwa. Nikakitikisa. Kwa, kwa. Cheche hakuna. Aah, nikasema, Bibi Yustina yupo hapo tu. Nikachukua kigae nikakatiza kwenye mahindi, bado naimba.

Nilimkuta anapukuchua mahindi pembeni ya moto wake. Amezeeka, lakini macho yale yale. Nikamwamkia, tukashikana mikono, nikaanza kumpa habari: nimestaafu bibi, wamenifanyia sherehe, wamenipa kitenge! Huku naongea, huku nainama na kigae nichukue kaa.

Fimbo ikatua juu ya kaa kabla ya mkono wangu.

"Unaupeleka wapi?"

"Hapo kwa Ng'washi, bibi. Chai tu."

"Mafiga au gesi?"

"Gesi."

"Umefunga?"

Nikacheka. "Bibi, mimi? Mimi si ndiye Mama Zimamoto?"

"Sijakuuliza jina."

"Nimefunga, bibi."

"Kaangalie. Moto sikupi."

Nitasema ukweli, nilikasirika. Umri huu, kazi yote ile, naambiwa nikaangalie! Nikageuka na kigae changu kitupu, narudi kwenye mahindi na jibu zuri ninalitengeneza kichwani. Nilikuwa bado sijafika uwanjani kwa Ng'washi niliposikia harufu.

Nilikimbia. Koki ilikuwa wazi, vilevile nilivyoiacha, ssssss, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaifunga. Nikafungua mlango mpaka ukagonga ukuta, nikatoka nje, nikakaa chini. Nilipoinua macho Bibi Yustina alikuwa amesimama mbele yangu, kapita kwenye mahindi polepole na fimbo yake, na mikononi hana moto. Akanusa mlangoni. Akarudi akasimama pale nilipokaa. Nikangoja aseme.

"Inuka twende," akasema. "Chai utakunywa kwangu."